Athari za malaria kwenye figo za kima

Athari za malaria kwenye figo za kima ni madhara yanayowapata kima walioambukizwa vimelea vya jenasi *Plasmodium*. Hutokea kwa njia mbili: ghafla, chembe nyekundu za damu zinapopasuka kwa wingi, au polepole, kinga ya mwili inapoumiza vichujio vya figo.

Madhara ya ghafla

Mfano mashuhuri ni *Plasmodium knowlesi*, kimelea cha Asia ya Kusini-Mashariki kinachoenezwa na mbu aina ya *Anopheles*. Kima mkia-mrefu (*Macaca fascicularis*), mwenyeji wake wa asili, kwa kawaida haugui sana. Kwa kima resus (*Macaca mulatta*), kimelea hicho huongezeka kila baada ya saa 24, na mnyama asipotibiwa aghalabu hufa. Mwaka 1932, L. E. Napier na H. G. M. Campbell, waliofanya kazi Calcutta, Uhindi, walieleza kuwa baadhi ya kima walioambukizwa hutoa himoglobini katika mkojo.

Himoglobini iliyomwagika huchujwa na figo na kuingia katika mirija yake. Humo huganda na kuziba njia, huku chuma chake kikiharibu seli za kuta. Damu isipofika ya kutosha, seli hizo hufa, mkojo hupungua, na urea na kreatinini hurundikana mwilini.

Madhara ya polepole

*Plasmodium malariae*, kimelea cha binadamu, huongezeka kila baada ya saa 72 na huweza kukaa mwilini miaka mingi. Kingamwili hushikamana na protini za kimelea, kisha mafungu hayo hunasa katika glomeruli, vichujio vidogo vya figo. Vichujio vikivuja, albumini hupotea kwenye mkojo na mwili huvimba. Mwaka 1971, A. Voller na wenzake waliripoti hali hiyo kwa kima wa usiku (*Aotus*) aliyeambukizwa kimelea hicho.

Ripoti hiyo ilitilia nguvu yaliyoonekana kwa watoto wa Uganda, ambayo J. W. Kibukamusoke aliyachambua katika kitabu chake cha 1973. Kwa watoto hao, kuua vimelea mara nyingi hakukutosha kuponya figo.

Umuhimu kwa binadamu

Mwaka 2004, watafiti walithibitisha wagonjwa wengi wa *P. knowlesi* huko Sarawak, Malaysia. Figo kushindwa kufanya kazi ni miongoni mwa matatizo makubwa ya ugonjwa huo, hivyo mgonjwa mahututi hupaswa kupimwa kreatinini na kufuatiliwa kiasi cha mkojo tangu mwanzo wa matibabu.