Uchachu si Uharibifu: Pombe za Kuchacha kutoka Bonde la Zenne hadi Dzaleka

Katika masomo yetu ya msamiati wa vyakula na vinywaji kuna neno moja ambalo kila mwaka huwatatiza wanafunzi wageni, nalo ni chachu. Mwanafunzi hufungua kamusi akakuta kwamba chachu ni kile kitiwacho katika unga ili uumuke, kisha akakuta kwamba chachu ni ladha, kama ya limau au ya maziwa yaliyolala. Huuliza: ni kitu au ni ladha? Jibu letu ni kwamba ni vyote viwili. Waliolitumia neno hili tangu zamani waliona kwamba kile kinachoumua ndicho kinachotia ukali, wala hawakuona haja ya kuvitenga.

Tatizo liko kwenye kitenzi chake. Ugali ukichacha hutupwa. Bahari ikichacha wavuvi hukaa pwani. Kwa hiyo kuchacha kumewekwa karibu sana na kuharibika, na mwanafunzi akisikia kwamba pombe imechacha hudhani ni ya kumwagwa. (Wanasiasa peke yao ndio waliolipandisha cheo neno hili, kwao kila kitu ni chachu ya maendeleo, ingawa hatujamsikia hata mmoja akieleza maendeleo hayo yana ladha gani.) Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba katika historia ya pombe uchachu ulikuwa sifa kabla haujawa kosa, na kwamba waliougeuza kuwa kosa tunaweza kuwataja. Tutaanzia Ubelgiji na kuishia Dzaleka, nchini Malawi, ambako wajukuu wa watu waliotawaliwa na Wabelgiji wanaishi leo wakizungumza Kiswahili.

Kusini-magharibi mwa Brussels, katika bonde la mto Zenne na eneo liitwalo Pajottenland, hupikwa bia inayoitwa lambic. Wapishi huchanganya kimea cha shayiri na ngano isiyooteshwa, huchemsha pamoja na maua ya hopsi yaliyowekwa muda mrefu hadi uchungu wake umepungua, kisha humimina togwa hilo katika beseni pana lisilo na kifuniko na kuliacha lipoe usiku kucha. Hawatii hamira. Vijidudu vilivyomo hewani, na vile vinavyoishi katika mbao za mapipa, huingia vyenyewe na kufanya kazi. Ndiyo maana hupika katika miezi ya baridi tu, tangu Oktoba hivi hadi Aprili, kwa kuwa wakati wa joto huingia wageni wasiotakiwa. Bia hukaa katika pipa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Ikichanganywa changa na kongwe na kutiwa katika chupa ili ichachuke tena, huitwa gueuze. Ikilowekwa cheri chachu, huitwa kriek. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 huko Anderlecht, kimekuwa pia jumba la makumbusho tangu 1978, na mgeni huweza kuliona beseni hilo la shaba juu darini.

Msomaji aliyekulia Kagera, Kivu au Burundi atakuwa ameanza kutabasamu. Pombe ya ndizi, ambayo Wahaya huiita rubisi, Warundi urwarwa, Wanyarwanda urwagwa na wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kivu kasiksi, nayo haitiwi hamira ya dukani. Ndizi huivishwa kwa joto, hukamuliwa kwa majani, maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku mbili au tatu kazi imekwisha. Pombe ya mtama, impeke kwa Warundi na ikigage kwa Wanyarwanda, hufuata kanuni hiyohiyo. Tofauti ni mlango ambao vijidudu hupitia: kule hutoka hewani na katika mbao, huku hutoka katika maganda ya nafaka, katika chungu na katika machicha ya mapishi yaliyopita. Tofauti nyingine ni muda. Mbelgiji husubiri miaka. Mama wa Ngozi husubiri hadi Jumamosi.

Ubelgiji ilitawala Kongo tangu 1908 hadi 1960, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya utawala wa Mfalme Leopold II mwenyewe, na ilizishika Rwanda na Burundi tangu Vita vya Kwanza vya Dunia hadi 1962. Mtu angetarajia kwamba watu wenye lambic nyumbani wangeitambua jamaa yake waliyoikuta ugenini. Lakini bia waliyoijengea viwanda ilikuwa ile angavu, ya hamira safi na ya kunywewa baridi. Kampuni ya bia ya Léopoldville iliundwa mwaka 1923 na Primus ikafuata miaka michache baadaye. Kiwanda cha Burundi kilianzishwa 1955 na cha Gisenyi, Rwanda, 1957. Kwa maoni yetu ubaguzi haukuwa sababu pekee, ingawa ulikuwapo. Lambic yenyewe ilikuwa imeanza kudharauliwa hukohuko kwao. Viwanda vyake vilifungwa kimoja baada ya kingine katika karne ya 20, na baadhi ya vilivyobaki vilitia sukari ili kuwafurahisha wanywaji wa soda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alitia sukari bila hata kusubiri sifa.

Mageuzi yenyewe yalianzia Copenhagen. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga chembe moja ya hamira na kuikuza peke yake. Tangu hapo bia iliweza kuwa na ladha ileile leo, kesho na mwaka ujao, na kila kijidudu kingine kikawa mvamizi. La kuchekesha ni kwamba ilikuwa Carlsberg vilevile ambako N. Hjelte Claussen, mwaka 1904, alitangaza hamira-mwitu aliyoipa jina la Brettanomyces, akiwa anachunguza bia za Kiingereza. Ndugu wa hamira hiyo ndiye anayeipa lambic harufu ambayo waonjaji huifananisha na zizi la farasi. Nyumba moja, basi, ilitupatia hamira iliyotakaswa na pia jina la ile iliyokataliwa.

Hapo ndipo Malawi inapoingia, kwa kuwa kiwanda cha kwanza cha Carlsberg nje ya Denmark kilijengwa Blantyre, mwaka 1968. Hata hivyo chupa ya kijani haikuifuta pombe ya nafaka. Wachewa huiita mowa, na hapa wanaisimu wetu watafurahi: kimea kwa Kichewa ni chimera, kutokana na kumera, ambako ni kumea kwetu, na kinywaji kitamu cha uji wa mahindi na kimea, ambacho hata watoto hunywa, ni thobwa, jamaa wa wazi wa togwa. Wasomaji wetu wasiotumia kileo wanaweza kuishia kwenye thobwa na wasikose sana, maana uchachu wake mwanana wa siku ya pili unatosha kuwafundisha tunayoyasema.

Mowa wa viwandani ni Chibuku. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950, mjini Kitwe katika Zambia ya leo, mpishi Max Heinrich alikuwa akiandika maoni ya wanywaji katika daftari, na kutokana na daftari hilo, yaani buku lenye kiambishi chi-, pombe ikapata jina. Inauzwa ikiwa bado hai. Pakiti yake ya karatasi ngumu haiwezi kuzibwa kabisa, la sivyo ingepasuka, na imeandikwa Shake Shake kwa sababu unga hutuama chini. Maisha yake ni kama siku tano.

Tumeionja Lilongwe katika umri wake mbalimbali, na tunapendekeza msomaji afanye vivyo hivyo kabla ya kutoa hukumu. Siku ya kwanza ni tamu na nzito, karibu na uji. Siku ya tatu utamu umepungua, gesi inachoma ulimi kidogo, na uchachu ni safi kama wa mtindi. Sisi tunaipenda hapo. Siku ya tano ni nyepesi na kali, na harufu ya siki imeanza. Wazee tuliokaa nao waliisubiri hiyo ya tano, na wakatuambia kwamba ya kwanza ni ya watoto.

Kambi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilikuwa gereza wakati wa Kamuzu Banda, na mwaka 1994 ikageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi kambini, na waliokuwa na maduka Lilongwe wakayaacha. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu hawa sokoni na makanisani.

Tufikirie basi mama aliyejifunza kasiksi kwa bibi yake huko Kivu. Dowa ni nchi ya mahindi na tumbaku. Migomba ya kujaza mtumbwi wa kukamulia hapati. Akitaka kupika, atapika kwa mahindi na chimera atakayonunua kwa jirani Mchewa. Mikono inaweza kuzoea nafaka mpya. Kinachopotea ni maneno: jina la ndizi iliyoiva kiasi cha kukamulika, jina la povu la kwanza, jina la pombe iliyopita siku yake lakini bado inanyweka. Mtoto aliyezaliwa kambini hana sababu ya kuyajua.

Wabelgiji walijihadhari walipokaribia kufikwa na hayo. Mwaka 1997 majina ya lambic na gueuze yalipewa ulinzi wa sheria ya Umoja wa Ulaya, na 2016 utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa katika orodha ya UNESCO. Nsima ya Malawi iliingia mwaka uliofuata, 2017, peke yake, bila mowa wa kuiteremshia.

Kwa upande wa lugha, hatuna upungufu wa akiba. Tuna ugwadu wa embe bichi, ukakasi wa ndizi mbichi unaokausha kinywa, ukali wa siki, uchungu wa shubiri na uchachu wenyewe. Mtu mwenye maneno hayo matano anaweza kuieleza gueuze vizuri kuliko anayeishia kusema ni kali: ina ugwadu mwanzoni, ukakasi katikati kutokana na mbao, na uchungu kidogo sana mwishoni.

Wanafunzi wetu wenye jamaa Dzaleka tunawaomba wakienda likizo wachukue daftari na kuwauliza wapishi mambo matatu: pombe inaitwaje kila siku ya umri wake, mpishi anajuaje kwamba imeiva, kwa sikio, kwa pua au kwa ulimi, na ipi humwagwa. Jibu liandikwe kwa neno lile lile alilotumia msemaji, hata likiwa la Kirundi, Kibembe au Kichewa, pamoja na mahali alikotoka. Karatasi zipokelewe ofisini kwa Idara kabla ya muhula kuanza.