Boti za utalii za Ziwa Naivasha
Boti za utalii za Ziwa Naivasha hubeba wageni katika ziwa hilo la maji baridi, Kaunti ya Nakuru, Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ziwa lilikuwa kituo cha ndege za majini za Imperial Airways. Siku hizi wageni hupanda boti kwenda kuona viboko, furukombe na Kisiwa cha Crescent, ambacho ni ukingo wa kasoko ya volkeno.

Boti nyingi ni za faibaglasi, zenye injini iliyopachikwa nyuma. Jaketi okozi ni lazima. Nahodha makini hupunguza mwendo karibu na mafunjo, kwani kiboko aliyezama haonekani, na akiibuka chini ya boti anaweza kuipindua. Magugumaji nayo husumbua mno: mizizi hujisokota kwenye rafadha hadi injini izimwe, inuliwe na kusafishwa kwa mkono.

Boti iliyopasuka huvutwa nchi kavu, hukaushwa, hupigwa msasa, kisha huzibwa kwa matabaka ya faibaglasi na gundi. Haifai kuharakisha kazi hii, maana unyevu ukibaki, kiraka hubanduka.

Maji yalipopanda mwaka 2020 yalifunika sehemu kubwa ya ufuo, na maegesho ya boti yakasogezwa bara.