Kengele Ilitangulia Gitaa

Wanaoandika kuhusu muziki wa Kenya wana desturi ya kuwapita Waturkana haraka. Waluo hutajwa kwa nyatiti, Wagusii kwa obokano, Wabukusu kwa litungu, Wamijikenda kwa kayamba. Zamu ya Turkana ikifika, husemwa tu kwamba hao ni watu wa kuimba na kuruka, hawana ala. Kauli hiyo imezaa nyingine: kwamba mtoto wa Lodwar au Kakuma akitengeneza kitu cha mti cha kuchezea, chenye kutoa mlio, basi ufundi huo kaletewa na shule au na kambi ya wakimbizi. Kauli ya kwanza ina ukweli wake. Ya pili haina. Ufundi wa kuufanya mti ulie ulikuwepo Turkana kabla ya shule na kabla ya kambi, ila ulivishwa shingoni mwa mnyama. Mtoto hakukosa ujuzi wa kurithi. Alikosa mti wa ziada na mahali pa kutulia.

Ushahidi wa kwanza ni kengele ya ngamia. Mchongaji huchukua kipande kifupi cha gogo, akakichimba kutoka upande mmoja mpaka kibaki ganda. Juu hutoboa matundu, hupitisha kamba, na ndani huning'iniza vijiti vya mti mgumu. Ganda likiwa nene mno, mlio hufia ndani. Likiwa jembamba mno, hupasuka kwa jua la kiangazi. Kwa hiyo kazi hii haiishii machoni: lazima ganda ligongwe na kusikilizwa. Unene, uwazi na kigongeo ndivyo vitu vitatu anavyovipima mjenzi wa ala yoyote ya kugongwa. Kengele hii si ya Waturkana peke yao, kwani Warendile, Wagabra na Wasomali nao huichonga, wala hoja yangu haitegemei nani aliianza. Inatosha kwamba mikono ya kuichonga ilikuwepo, katika jamii ileile iliyochonga vyombo vya maziwa na ekicholong, kigoda anachokikalia mwanamume mchana na kukiegemezea kichwa alalapo.

Mbona basi mikono hiyo haikumchongea mtoto marimba? Jibu limo katika mizigo na katika miti. Philip Gulliver, aliyewatafiti Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha The Family Herds mwaka 1955, aliandika habari za watu ambao maisha yao yaliongozwa na malisho, na boma likihama mara kwa mara. Kila kitu kilichopanda mgongoni mwa punda kilipaswa kulipia nafasi yake. Kengele ililipa, kwa sababu ilimrudisha mnyama aliyepotea. Wimbo haukuwa na uzito wowote, na ndiyo maana mwanamume aliweza kumtungia maksai wake, emong, nyimbo za maisha yake yote pasipo kubeba hata kijiti. Mtoto naye alicheza kwa vitu visivyohitaji kubebwa wala kukatwa: kokoto zilizogeuka mifugo, udongo uliofinyangwa ngamia, na kokwa za mkoma zilizovishwa shanga zikawa wanasesere, ambao baadhi yao leo wamo katika makumbusho ya nje.

Upande wa miti, sheria ilikuwa kali kuliko mgeni anavyodhani akiliona jangwa. Kandokando ya mto Turkwel, ambao Lodwar imejengwa ukingoni mwake, familia zilikuwa na ekwar, yaani sehemu zao za msitu wa mto zenye haki ya kutumia miti iliyomo. Mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, huangusha maganda yanayowalisha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Kuukata ili mtoto apate kitu cha kugonga kungekuwa kumnyima mbuzi chakula na mtoto maziwa.

Msomaji makini atanipinga hapa: mbona Wamongolia huhama na wana fidla ya kichwa cha farasi, na wanawake wa Kituareg, jangwani Sahara, hupiga imzad? Pingamizi hili ni la haki, na linanilazimu nipunguze dai langu. Kuhama peke yake hakukatazi ala. Kinachozipunguza ni kuhama kukiungana na uhaba wa mti usio na kazi nyingine, mahali ambapo wimbo tayari unajitosheleza. Jaribio bora la wazo hili ni ndugu wa Waturkana wenyewe. Wateso wa Uganda na magharibi mwa Kenya ni wa jamii hiyohiyo ya lugha za Ateker. Wao walishika jembe, wakakaa mahali pamoja, na leo wanajulikana kwa akogo, kisanduku cha mti chenye ndimi za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba. Damu ingekuwa ndiyo inayoamua nani awe na ala, ndugu hawa wasingeachana njia hivyo.

Kutulia kulipoanza Turkana, hakukuanzia kambini. Waingereza waliifanya wilaya hii eneo lililofungwa, ambalo mgeni hakuingia bila kibali. Lodwar ilikuwa mbali kiasi kwamba walimzuilia Jomo Kenyatta huko kuanzia 1959. Njaa ya 1961 iliwakusanya wafugaji kwenye vituo vya chakula, na ile ya 1979 hadi 1981 ikawakusanya wengi zaidi. Mwaka 1992 ikafunguliwa kambi ya Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Pamoja nao vikaja vitu viwili: kumbukumbu za ala za kwao na mikebe ya mafuta ya msaada. Mikebe hiyo ilifunguliwa na kunyooshwa ikawa milango na mapaa. Ukiuacha mkebe mzima, ukaupachika shingo ya mti na nyuzi za waya wa breki, umepata gitaa, nao mti uliotumika ni fimbo moja tu.

Atatokea wa kusema kwamba gitaa hilo ni la Sudan au la Kongo, kwa hiyo halina nafasi katika historia ya Turkana. Lakini ala za ukanda huu zenyewe ni wasafiri. Likembe, ndugu wa akogo, ilitoka magharibi mwa Kongo mwishoni mwa karne ya 19, ikabebwa na wapagazi na askari kuelekea mashariki, hadi ikafika kaskazini mwa Uganda. Ujenzi wake unaeleza kwa nini ilisafiri vizuri: misumari hupondwa ikawa bapa, hubanwa juu ya ubao kwa kijiti na waya, na kila ulimi hupata sauti yake kwa kusukumwa ndani au kuvutwa nje. Anayeweza kuponda msumari anaweza kuijenga upya. Hakuna aliyewaambia Waacholi wa huko kwamba si yao, na mtoto wa Kakuma hastahili sharti gumu kuliko hilo.

Hoja hii ina matokeo darasani. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unamtaka mtoto atengeneze ala kwa vitu vinavyopatikana karibu, na wazazi wengi wamelalamikia gharama na usumbufu wa kazi za namna hiyo nyumbani. Mzazi wa Lodwar akiambiwa alete kayamba, ataanza kutafuta matete ambayo si rahisi kuyapata kwake. Akiambiwa kengele, vifaa anavyo. Safari hii hata mti wa ziada upo: mathenge, kichaka cha miiba kilichopandwa kuzuia jangwa na ambacho sasa kimevamia kingo za mto na malisho. Wapo watakaosema umepindapinda na ni mgumu. Kweli, ila kengele haihitaji ubao mrefu; inahitaji kipande cha urefu wa shubiri, na ugumu huohuo ndio unaokifanya kilie. Ukikatwa, mgunga unaowalisha mbuzi hubaki umesimama, wala hakuna mwenye ekwar atakayeulilia mathenge.