Lori la nitro la rimoti: Anayeanza nyanda za Gusii na afikirie mafuta kwanza

MTU anayetamani kumiliki lori dogo la rimoti lenye injini ya nitro huanza kwa kuuliza bei ya lori lenyewe. Swali hilo lina maana, lakini kwa mkazi wa Kisii au Nyamira si la kwanza. La kwanza ni mafuta: yatapatikana wapi, yatahifadhiwa wapi na nani anaweza kuyafikia.

Mafuta hayo si petroli. Ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili ya kulainisha. Kiasi cha nitromethani huwa kati ya asilimia 10 na 30, na wanaoanza hushauriwa kutumia asilimia 20 hivi. Fundi wa msumeno wa injini amezoea kuchanganya petroli na oili, naye anaweza kudhani kwamba mchanganyiko wake utafaa. Haufai kabisa. Injini ya nitro haina cheche za umeme. Plagi yake, iliyoanza kuuzwa na Mmarekani Ray Arden mwaka wa 1947, ina waya mwembamba wenye platinamu ambao hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha. Betri ikiondolewa, waya huendelea kung'aa kutokana na joto la injini na jinsi platinamu inavyotenda kazi na methanoli. Petroli haiwezi kuufanya uendelee hivyo.

Methanoli ni sumu, na Wakenya wanaijua kwa uchungu. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na kemikali hiyo, na wengine wakapofuka. Mei 2014 makumi ya watu waliangamia katika kaunti kadhaa kwa sababu iyo hiyo. Kwa hivyo mafuta ya nitro hayatiwi kamwe katika chupa ya soda wala ya maji. Yakae katika mkebe wake wenye maandishi, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na jiko. Aliyeyanywa akimbizwe hospitalini mara moja hata kama anajiona mzima, kwani dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Aidha, mwali wa methanoli hauonekani vyema mchana, na mtu anaweza kuugusa moto asiouona.

Kwa kuwa mafuta haya ni ya hatari, hayasafirishwi kama kifurushi cha kawaida. Anayeagiza lori kutoka ng'ambo anaweza kulipokea kisha akakosa cha kulitilia. Mkebe wa lita 3.8 hujaza tangi la mililita 125 mara 30 hivi, na kila tangi huenda kwa dakika kumi au zaidi kidogo. Hizo ni takriban saa tano za mchezo, na sehemu yake huishia katika kuizoesha injini mpya.

Kuizoesha ndiko kazi inayowashinda wengi. Pistoni mpya hubana sana sehemu ya juu ya silinda, na matangi manne au matano ya kwanza huendeshwa polepole, skrubu ya kabureta ikiwa imelegezwa ili mafuta mengi yaingie na oili ilainishe vyuma. Moshi uonekane nyuma ya lori wakati wote. Asiye na kipimajoto atone tone moja la maji juu ya kichwa cha injini. Likikauka papo hapo, injini imepata moto kupita kiasi. Likichukua sekunde tatu hadi tano, hali ni njema.

Hapo ndipo milima ya Gusii inapoleta mambo yake. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya sehemu za Nyamira hupita mita 2,000. Katika kimo cha Kisii hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini iliyorekebishwa pwani itapata mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo. Itakohoa, itatoa moshi mzito na kuzimika, na mwenyewe atailaumu plagi bure. Dawa ni kukaza skrubu kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, huku akisikiliza.

Kinyume chake ndicho hatari. Lori lililokazwa Keroka likipelekwa Kisumu, ambako kimo ni mita 1,130 hivi, litakuta hewa nzito zaidi. Mafuta yatapungua kulingana na hewa, na oili pamoja nayo, kisha injini iungue kwa dakika chache. Kabla ya kuliendesha huko, skrubu ilegezwe.

Udongo nao una yake. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na matope mekundu hunasa kwenye magurudumu na gia. Lori refu la magurudumu makubwa lafaa kuliko gari la chini. Kiangazi, vumbi ndilo adui, hasa karibu na machimbo ya mawe ya sabuni ya Tabaka. Chujio la hewa lipakwe oili yake na lisafishwe kila baada ya siku ya mchezo.

Mashamba ni madogo na watoto hukusanyika upesi. Lori la kilo nne linalokimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa laweza kuvunja mguu. Liendeshwe uwanja ukiwa mtupu, watazamaji wakisimama nyuma ya mwendeshaji. Kipokezi kiwe na kinga inayofunga breki mawimbi ya rimoti yakipotea. Bila hiyo, betri ikifa lori laweza kuendelea kwa kasi ileile hadi ligonge kitu.

Asiye na pahali salama pa kuweka methanoli ana njia nyingine: malori ya betri, ambayo siku hizi huwa na kasi sawa na ya nitro au kuishinda, na hayahitaji kurekebishwa kwa ajili ya kimo. Wanaobaki na nitro huwa wanaipendea ule mlio, harufu na kazi ya ufundi. Hao, kila jioni, wamalize mafuta yote tangini na watie matone machache ya oili ya kuhifadhia ndani ya injini, kwa sababu methanoli hufyonza unyevu, na unyevu wa Gusii hutia beringi kutu upesi.