Mchumba wa askari: namna habari zilivyofika Bukavu tangu Force Publique

Kambi Saïo, katika komini ya Ibanda ambamo mna pia mtaa wa Muhumba, imepewa jina la mji wa Ethiopia unaoitwa leo Dembidolo. Huko, mwezi wa Julai 1941, jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwa jenerali Gilliaert wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Ushindi huo umeandikwa sana. Wasichana waliobaki nyumbani wakingojea wachumba wao, habari zao hazikuandikwa sana.

Wakati ule Bukavu iliitwa Costermansville. Kijana aliyeingizwa jeshini alitumika miaka 7. Tangu maasi ya askari wa Luluabourg mwaka wa 1895, wakubwa Wabelgiji walichanganya makabila katika vikosi, ili askari wa kabila moja wasiwe pamoja karibu na kwao. Kijana wa Bushi aliweza kupelekwa kwenye jimbo ambako hakuna anayesikia Mashi. Kambini alifunzwa Lingala, lugha ya jeshi.

Askari aliyeoa aliruhusiwa kukaa kambini na mke wake, na watoto wengi walizaliwa humo. Mchumba hakuwa na nafasi hiyo. Kwa Bashi mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wakiwa hawajatolewa, msichana ni wa baba yake bado. Miaka 7 ni mingi kwa baba ambaye watu wengine wanakuja kumuuliza binti huyo huyo.

Barua nayo ilikuwa na shida yake. Waliojua kusoma walikuwa wachache. Askari alimwambia karani maneno yake, na kijijini mwalimu au katekista akayasoma mbele ya watu. Mapenzi yaliyopita katika vinywa viwili yalipaswa kuwa na adabu: salamu kwa wazazi, habari ya mvua na mifugo, kisha jina la msichana. Kutajwa tu mbele ya baba mkwe kulikuwa neno kubwa.

Vita ya 1998 hadi 2003 ilikata njia nyingi. Watu walikwenda kwenye foni, wakasema kwa sauti huku wengine wakingoja zamu na kusikia yote. Msalaba Mwekundu nao ulipeleka ujumbe kuvuka mistari ya vita: karatasi isiyofungwa, ya habari za familia peke yake.

Baada ya vita ikaja brassage, yaani kuchanganya wapiganaji wa pande zote katika jeshi moja. Walipelekwa kufunzwa Kitona, Kamina, Kisangani, na karibu zaidi Luberizi, katika bonde la Ruzizi. Wanawake wengi waliwafuata na watoto, wakalala chini ya mahema na vibanda vya majani, huku mshahara ukichelewa. Aliyebaki Bukavu alikuwa na simu: bipu moja jioni ilitosha kumjulisha kuwa mtu wake ni mzima, hata kama yuniti ni chache.

Februari 2025 vita ilifika Bukavu kwenyewe. Askari wa serkali waliondoka, familia zikatawanyika, na simu nyingi zikanyamaza. Mke anaweza kuonyesha karatasi ya ndoa. Mchumba ana neno la watu wa kwao tu.

Kwa sababu hiyo desturi ya zamani ingali na kazi: msichana kwenda kumsalimia mama wa kijana, kumsaidia shambani, kukaa naye wakati wa msiba. Habari ikija, itafikia kwa mama kwanza. Tena anayetafuta mtu wake kupitia Msalaba Mwekundu halipi kitu, lakini ataulizwa majina kamili ya huyo mtu, jina la baba yake na la mama yake, na mahali alipoonekana mwisho. Mchumba aliyekaribishwa katika nyumba ile anayajua yote. Aliyefichwa hajui aanzie wapi.