Uhalisi wa Kutengenezwa: Miura Tamaki katika Uhusika wa Cio-Cio-San

Mwezi Juni 1936 ukumbi wa Kabuki-za mjini Tokyo ulionyesha opera ya Madama Butterfly, na ikatangazwa kwamba hiyo ilikuwa mara ya 2001 kwa Miura Tamaki kuimba uhusika wa Cio-Cio-San. Tarakimu hiyo imenakiliwa tangu hapo kutoka kitabu hadi kitabu, na ni wachache waliokaa chini kuipigia hesabu. Miura aliuimba uhusika huo jukwaani kwa mara ya kwanza London mwaka 1915. Maonyesho 2000 katika miaka ishirini ni maonyesho 100 kwa mwaka, moja kila baada ya siku tatu au nne, bila kutoa siku za melini, za kwenye treni wala za mafua. Na uhusika huu si mwepesi. Cio-Cio-San akishaingia katika sehemu ya kwanza, mzigo wa kuimba unabaki mabegani mwake karibu hadi pazia la mwisho, na okestra ya Puccini haimhurumii. Ni busara kudhani kwamba waliohesabu walitia ndani matamasha ambayo aliimba vipande tu vya opera hiyo, na kwamba wakala wa matangazo naye alitia mkono.

Hata ukiikata nusu, tarakimu hiyo inaacha swali. Kwa nini msanii aliyefunzwa kuimba nyimbo za Gluck na za Kijerumani aliishia kujiua kwa kisu kilekile, usiku baada ya usiku, katika mabara matatu? Jibu la magazeti ya siku zake, ambalo hurudiwa hadi leo, ni kwamba alikuwa Mjapani, na kwa hiyo alikuwa Butterfly wa kweli. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Kile ambacho watazamaji wa London, Chicago na Roma walikiona kuwa asili kilikuwa kazi. Ilikuwa kazi ya mwanamke msomi aliyejua vizuri watu wamelipia tiketi ili waone nini, akaamua awape kiasi gani.

Nasaba ya Cio-Cio-San yenyewe inasaidia kulifahamu hilo. Pierre Loti, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alichapisha Madame Chrysanthème mwaka 1887, akisimulia ndoa ya kupanga ya majira ya joto mjini Nagasaki. John Luther Long, mwanasheria wa Philadelphia, alitoa hadithi yake fupi mwaka 1898 akitegemea masimulizi ya dada yake, mke wa mmisionari aliyeishi Nagasaki. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Japani. David Belasco aliigeuza hadithi hiyo kuwa tamthilia mwaka 1900, na Puccini akaitazama London mwaka huohuo, ikichezwa kwa Kiingereza ambacho hakukielewa vizuri. Opera ilipofunguliwa La Scala, Milano, tarehe 17 Februari 1904, ilizomewa. Ikarekebishwa na kufaulu Brescia miezi mitatu baadaye. Tukimwondoa Loti, waliomuumba binti huyu wa Nagasaki waliijua Japani kwa kuambiwa. Puccini, kwa haki yake, alijitahidi: alimwendea Ōyama Hisako, mke wa balozi wa Japani nchini Italia, akamsikiliza akiimba nyimbo za kwao, na ndani ya opera mtu anaweza kuutambua wimbo wa maua ya mcheri na hata wimbo wa taifa wa Japani. Ila nyimbo hizo zimewekwa pale alipozihitaji yeye, si pale ambapo Mjapani angeziimba.

Wanawake halisi wa Kyushu, kisiwa ulipo mji wa Nagasaki, waliouzwa au kukodishwa zama hizohizo walikuwa na historia nyingine, isiyo na okestra. Walioitwa karayuki-san walipelekwa bandari za Asia ya Kusini-Mashariki na kuvuka bahari hadi Unguja, ambako baadhi yao waliishi Mji Mkongwe mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Hakuna mtunzi wa Milano aliyewatafuta.

Miura naye hakuwa Cio-Cio-San, tena kwa mbali. Alizaliwa Tokyo mwaka 1884, akajifunza ngoma na ala za Kijapani utotoni, kisha akaingia Shule ya Muziki ya Tokyo huko Ueno, chuo cha serikali kilichoanzishwa ili kuwafunza Wajapani muziki wa Ulaya. Alikwenda shuleni kwa baiskeli, jambo lililokuwa kioja kwa msichana wa siku hizo kiasi cha kuandikwa magazetini. Mwaka 1903, akiwa bado mwanafunzi, aliimba Eurydice katika Orfeo ya Gluck, onyesho ambalo wanahistoria wa Japani hulihesabu kuwa opera ya kwanza kuchezwa na Wajapani wenyewe. Aliolewa na daktari wa jeshi, akaachana naye mwaka 1909, akasakamwa na waandishi wa habari kwa talaka hiyo, akaolewa tena na daktari mwingine, Miura Masatarō, ambaye jina lake ndilo alilofahamika nalo duniani. Jumba la Teikoku Gekijō lilipofunguliwa Tokyo mwaka 1911 yeye ndiye aliyekuwa nyota wa idara yake ya opera. Huyu ni mwanamke aliyesoma, aliyeachana na mume na aliyepanda baiskeli. Uhusika uliomletea jina ni wa binti wa miaka 15 anayekaa miaka mitatu akisubiri meli ya mwanamume aliyemtoroka.

Mwaka 1914 wenzi hao walifika Berlin kusoma. Vita vilipozuka na Japani kuwa adui wa Ujerumani, walikimbilia London. Hapo Vladimir Rosing, mwimbaji wa sauti ya tenori kutoka Urusi, alikuwa akiandaa msimu wa opera ya mataifa washirika katika London Opera House, na Mjapani aliyeweza kuimba Puccini alikuwa zawadi ya kisanii na ya kisiasa kwa pamoja. Miura alipanda jukwaani mwishoni mwa Mei 1915, siku zilezile ambazo ndege za Zeppelin za Ujerumani zilianza kuidondoshea London mabomu. Alikuwa na miaka 31. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Marekani na kampuni ya Boston Grand Opera ya Max Rabinoff.

Wahakiki wa Marekani walimgawa mafungu mawili. Sauti yake, waliandika wengi wao, ilikuwa nyepesi na si kubwa. Uigizaji wake ulikuwa wa ajabu. Mgawanyo huo unastahili kutiliwa shaka. Unampa mwimbaji sifa kwa kile kinachodhaniwa amezaliwa nacho, yaani namna ya kupiga magoti, kuinama na kutembea ndani ya kimono, na unamnyima sifa kwa kile alichokisomea. Geraldine Farrar, aliyeimba Butterfly ya kwanza ya Metropolitan Opera mwaka 1907, alijifunza mikao ya Kijapani kutoka kwa mwigizaji wa Kijapani, na kwake yeye hilo lilisifiwa kama bidii ya msanii. Kitu kilekile kikifanywa na Miura kinageuka kuwa damu.

Ukitazama kwa karibu, tofauti inapotea. Chukua dakika za kuingia kwa Cio-Cio-San. Sauti inasikika kabla mtu hajaonekana. Wanawake wanapanda kilima wakiimba, naye anaimba juu yao, mstari ukipanda hatua kwa hatua. Mwishoni Puccini amemwachia mwimbaji njia mbili: apae hadi noti ya juu ya re bemoli, au achukue noti ya chini iliyoandikwa kando yake. Mwenye sauti nyepesi hufika kule juu bila shida. Shida yake ni kusikika sehemu ya pili, pale okestra inapovimba. Kwa hiyo mwimbaji wa aina ya Miura hupanga nguvu zake tangu hapa, akijua kwamba saa mbili mbele kuna kisu cha baba na mtoto aliyefungwa kitambaa machoni. Hiyo ni hesabu ya pumzi, na hakuna anayezaliwa nayo, awe amezaliwa Tokyo au Parma.

Au chukua mkesha wa sehemu ya pili. Maelekezo ya libreto yanamtaka Cio-Cio-San atoboe matundu matatu katika mlango wa karatasi: la juu la kuchungulia yeye, la chini yake la mtumishi wake Suzuki, na la chini kabisa la mtoto. Kisha anasimama wima kama sanamu, mgongo wake kwa watazamaji au ubavu, huku kwaya ikivumisha wimbo bila maneno nyuma ya jukwaa. Hakuna cha kuimba. Mwili ndio unaobeba kila kitu kwa dakika kadhaa. Aliyefunzwa ngoma za Kijapani tangu utotoni ana akiba ya kutumia hapo: utulivu unaoshikiliwa na misuli, uzito uliowekwa chini kwenye nyonga, shingo inayosema. Miura alikuwa na akiba hiyo. Lakini aliipata kwa mwalimu, kama alivyoipata sauti, na ni yeye aliyeamua kuichanganya na opera ya Kiitaliano ambayo haikuiomba.

Siasa za nyakati hizo zinaufanya ushangiliaji wa Marekani usomeke kwa tahadhari. California ilipitisha mwaka 1913 sheria iliyowazuia Wajapani kumiliki mashamba. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Takao Ozawa, iliamua kwamba Mjapani hawezi kupewa uraia. Mwaka 1924 sheria ya uhamiaji ikafunga mlango kwa wahamiaji kutoka Japani. Katika miaka hiyohiyo Miura alizunguka nchi na kampuni ya San Carlo, na kumbi zikijaa. Mjapani aliyekufa vizuri jukwaani alipendwa kuliko aliyetaka kulima.

Hata milango aliyofunguliwa nje ya Butterfly iliingia chumba kilekile. Aliimba Iris ya Mascagni, opera ya Kiitaliano inayotokea Japani. Aliimba opera ya Messager iliyotokana na kitabu cha Loti. Mwaka 1925 Chicago ilizindua Namiko-San, iliyoandikwa kwa ajili yake na Aldo Franchetti: Japani tena, mwanamke anayekufa tena. Metropolitan Opera haikumwita. Mtu anaweza kusema kwamba sauti yake haikutosha kwa jumba lile, na pengine ni kweli. Lakini sauti nyepesi zina nyumba nyingi katika opera, na karibu kila alipoalikwa alialikwa pamoja na kimono chake.

Je, aliuona mtego huo? Dalili zinaonyesha kwamba aliuona na akaamua kuishi nao kwa faida. Mwaka 1920 aliimba Butterfly katika Teatro Costanzi, Roma, akakutana na Puccini, ambaye alimkaribisha nyumbani kwake Torre del Lago na kumsifu. Habari za mkutano huo zimeenezwa zaidi na Miura mwenyewe, hadi katika kumbukumbu alizosimulia mwishoni mwa maisha yake na kuchapishwa mwaka 1947. Alifahamu thamani ya kibali cha mtunzi, akakitumia kama mfanyabiashara anavyotumia muhuri. Kumlaumu kwa hilo ni kumtaka awe mtu mwema asiye na ajira.

Japani yenyewe haikumpokea kwa moyo mmoja. Fahari ya kuwa na nyota anayejulikana Ulaya na Marekani ilikaa pamoja na kero ya kuona taifa likitambulishwa kwa binti geisha aliyeuzwa kwa mwanajeshi wa majini. Vita vya Pasifiki vilipofika, alihamia kando ya Ziwa Yamanaka, chini ya mlima Fuji. Baada ya vita, akiwa mgonjwa, alirudi Tokyo kuimba Schubert, si Puccini. Alifariki tarehe 26 Mei 1946. Leo sanamu yake iko katika bustani ya Glover mjini Nagasaki, amevaa kama Cio-Cio-San na mtoto pembeni, karibu na jumba la mfanyabiashara wa Kiskoti ambalo wanajeshi wa Marekani baada ya vita walilibatiza nyumba ya Madame Butterfly, ingawa hakuna Butterfly aliyewahi kuishi humo.

Kwamba uhalisi unaweza kutenganishwa na mwimbaji kulithibitishwa kwa ukali na filamu ya Carmine Gallone ya mwaka 1954, iliyotengenezwa na Waitaliano na Wajapani kwa pamoja. Cio-Cio-San ni mwigizaji Yachigusa Kaoru, wa kikundi cha Takarazuka. Sauti inayotoka kinywani mwake ni ya Orietta Moscucci. Ule mgawanyo wa wahakiki wa 1915, mwili wa Kijapani upande mmoja na sauti upande mwingine, ulitekelezwa kwa mkasi wa mhariri. Filamu ni nzuri kutazama. Lakini kila ninapoifikiria pamoja na Miura naona imefuta kile hasa alichokifanya, yaani kuvishikilia vyote viwili katika pumzi moja.

Waliomfuata wamepata nafasi pana kidogo. Hayashi Yasuko aliuimba uhusika huu La Scala, katika jumba lilelile lililoizomea opera mwaka 1904, na onyesho la miaka ya 1980 lililoongozwa na Asari Keita, okestra ikiwa chini ya Lorin Maazel na mavazi yakiwa ya Mori Hanae, liliiweka Japani mikononi mwa Wajapani kwa upande wa jukwaa. Watanabe Yoko aliuimba Metropolitan, mlango ambao Miura hakuupita. Mwanzoni mwa karne hii mwimbaji wa besi Okamura Takao alikwenda hatua ya mbele zaidi: aliandaa toleo lililosahihisha makosa ya libreto kuhusu majina, dini na desturi za Kijapani. Hatua hiyo inastahili mjadala wake yenyewe, kwa sababu inauhamisha ugomvi kutoka kwa mwili wa mwimbaji na kuupeleka kwenye karatasi, kwa Illica na Giacosa walioyaandika maneno, ambako ulipaswa kuanzia tangu 1904.

Watafiti wa Miura, kwa upande wao, wanazo rekodi alizoifanyia kampuni ya Columbia nchini Marekani, zilizochukuliwa kwa pembe kabla ya maikrofoni. Hakuna kimono ndani yake. Anayezisikiliza analazimika kuhukumu namna anavyounganisha noti, anapovuta pumzi, na jinsi anavyoipunguza sauti bila kuipoteza, na hizo ndizo hoja ambazo wahakiki wa zama zake walizipita haraka ili wafike kwenye magoti na upepeo wa mkononi.