Padri Aliyepotea Dameski

Jioni ya tarehe 5 Februari mwaka 1840, Padri Tommaso, mtawa wa Kikapuchini mzaliwa wa kisiwa cha Sardinia, ambaye alikuwa amekaa Dameski miaka zaidi ya thelathini, alipotea pamoja na mtumishi wake Ibrahim Amara, na hapana aliyewatia machoni tena. Alikuwa mtu maarufu mjini, mwenye kuingia nyumba za Waislamu, za Wakristo na za Mayahudi bila ya kizuizi, kwani ndiye aliyekuwa akiwachanja watu ndui; na kwa kuwa tangazo la mnada alilolibandika lilikutwa katika mtaa wa Mayahudi, watu walikata shauri, kabla maiti haijaonekana, ya kwamba amechinjwa huko na damu yake imekingwa ili ikandiwe mikate isiyotiwa chachu ya sikukuu yao.

Ilisemwa vile vile kwamba siku chache kabla ya hapo padri huyo aligombana na mchunga nyumbu mmoja, aliyemtishia maisha yake. Kwa mpelelezi mwenye akili hiyo ingekuwa njia ya kwanza ya kuifuata, walakini haikufuatwa. Sistaajabii sana kuwa watu wa sokoni waliamini uvumi. Ninachokistaajabia ni wepesi wa balozi, liwali, waziri mkuu na wahariri wa magazeti, watu waliosoma na wenye nafasi ya kuuliza, kuliamini neno ambalo wangelikataa mara moja lau lingesemwa juu ya watu wa dini yao wenyewe.

Singizio lenyewe lilikuwa kongwe, na nasaba yake ni ya kuwatahayarisha waliolitumia. Zamani za dola ya Rumi walioshitakiwa kula nyama za watoto katika ibada za siri walikuwa ni Wakristo, kundi dogo wakati huo, lililokutana faragha na kukataa kuitukuza miungu ya mji. Na yapata mwaka 197 Tertullian wa Kartago aliandika kuwakejeli mahakimu ambao hawakuwahi hata siku moja kumkamata mtu na mabaki ya mtoto mkononi, na juu ya hayo wakaendelea kusadiki. Wakristo walipopata mamlaka, tuhuma ile ile iliwageukia Mayahudi. Alipouawa kijana William huko Norwich, Uingereza, mwaka 1144, kifo chake kikaja kutiwa juu yao. Na katika mji wa Fulda, Ujerumani, mwaka 1235, Mayahudi zaidi ya thelathini waliuawa kwa shutuma ya namna hiyo. Kaisari Frederick II akakusanya watu walioacha dini ya Kiyahudi wakabatizwa, watu ambao hawakuwa na sababu ya kuwaficha ndugu zao wa zamani, akawauliza. Nao wakamjibu kwamba Torati inawaharimishia damu hata ya mnyama. Mwaka 1236 akatangaza kuwa shutuma ile ni batili, na Papa Innocent IV akafuata mwaka 1247 kwa kuikataza. Kwa hiyo jambo hili lilikwisha kuamuliwa, na wenye amri kubwa kabisa katika Ukristo, miaka mia sita kabla ya Padri Tommaso kupotea, na halikusaidia kitu.

Dameski ya siku zile ilikuwa chini ya Muhammad Ali wa Misri, ambaye majeshi yake yaliitwaa Sham mwaka 1832, na liwali wake alikuwa Sharif Pasha. Wakatoliki wa huko walikuwa katika himaya ya Ufaransa kwa mikataba ya zamani, kwa hivyo kesi ya padri ikawa mkononi mwa balozi wa Kifaransa, Ratti-Menton, mgeni asiyekaa mjini sana. Tena palikuwa na husuda ya muda mrefu kati ya Wakristo na Mayahudi wa Dameski, kwani ukoo wa Farhi, Mayahudi matajiri, ulikuwa umeshika hazina ya serikali kizazi baada ya kizazi, hata walipoingia Wamisri kazi kubwa za fedha zikapewa Mkristo, Hanna Bahri. Sisemi kwamba mtu fulani alikaa akabuni uzushi huu kwa ajili ya cheo, kwani uzushi wa namna hii haumhitaji mbunifu. Unahitaji tu watu ambao wangefurahi ukiwa kweli, na watu hao Dameski walikuwa wengi.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa kinyozi maskini, Myahudi, ambaye tangazo la padri lilikuwa karibu na duka lake. Alipigwa viboko vya nyayo, akakana. Akazidishiwa mateso, kisha akaahidiwa kuokolewa nafsi yake, ndipo akawataja matajiri saba wa mtaa wake. Hao nao wakateswa. Kijana mmoja alijitokeza kwa hiari yake kushuhudia kwamba alimwona padri akitoka mjini jioni ile, naye akapigwa mpaka akafa, na mfano huo ulitosha kuwafunga midomo mashahidi wengine wa utetezi kama walikuwapo. Mzee Joseph Laniado alifia mateso. Musa Abu al-Afia akasilimu ili aokoke, akasema yote aliyotakiwa kuyasema. Watoto wapatao sitini walitiwa kizuizini ili mama zao waseme ilipo damu. Chupa ya damu ikatafutwa: huyu akasema amempa yule, na yule akasema amempa mwingine, na chupa haikuonekana kamwe, walakini kutoonekana kwake kulihesabiwa kuwa ni dalili ya ujanja wa washitakiwa. Mifupa ilipotolewa katika mfereji wa maji machafu, wengine wakisema ni ya mtu na wengine wakisema ni ya mnyama, ilizikwa kwa heshima katika kanisa la Wakapuchini, na juu ya kaburi likaandikwa jiwe la kusema kwamba hapa amelala padri aliyeuawa na Mayahudi.

Mwenye kutuhumiwa mambo ya siri hana njia ya kuonyesha kuwa hakuyafanya. Akinyamaza, amekiri, akikana, ameapa uwongo, na dini yake yenyewe, husema watu, ndiyo iliyomfundisha kuapa uwongo. Jamaa wanaokula peke yao, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakasali kwa lugha ambayo jirani haielewi, humwachia jirani huyo ukuta mtupu, naye huuchora picha anayoitaka. Sisi wa Pwani hatuna haki ya kuwacheka watu wa Sham, maana tumesikia hadithi za mumiani wanyonya damu za watu zikisadikiwa na wazee wenye busara, na tuna msemo wetu wa kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja, msemo ambao umewaponza watu wengi wasio na hatia kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Wala Ulaya haikuwa bora. Magazeti mengi ya Paris yalichapa habari za balozi kama zilivyokuja, na waziri mkuu, Adolphe Thiers, akasimama bungeni kumtetea mtumishi wake. Watu wa kwanza waliofanya kazi ya kuuliza ni wachache: balozi wa Austria, Merlato, aliyeona mtu wa himaya yake akiingizwa katika kesi, kisha Moses Montefiore wa London na wakili Adolphe Crémieux wa Paris, waliosafiri mpaka Iskanderia mwezi wa Agosti kumkabili Muhammad Ali. Yeye, akiwa amekwisha kubanwa na madola ya Ulaya kuhusu Sham nzima, alikubali tarehe 28 Agosti kuwaachilia wafungwa. Amri ya kwanza ilitaja msamaha. Crémieux akakataa, kwa kuwa husamehewa aliyekosa, na neno hilo likaondolewa. Waliotoka walikuwa tisa waliosalia hai.

Mwezi wa Novemba Sultani Abdülmecid alitoa firmani huko Istambul, akisema kwamba wanazuoni wameyachungua maandiko ya Mayahudi na kuona kuwa damu ya mnyama ni haramu kwao, basi ya binadamu itakuwaje halali, na kwamba singizio hilo halina asili. Ni hukumu ya haki, iliyotolewa na mfalme wa Kiislamu, na yafaa ikumbukwe zaidi kuliko inavyokumbukwa. Hata hivyo jiwe la kaburi halikubadilishwa maandishi yake kwa firmani ile, na mwaka 1983 Mustafa Tlass, waziri wa ulinzi wa Syria, alitoa kitabu kilichosimulia kisa cha Padri Tommaso kama alivyokisimulia Ratti-Menton.